Maneno mazito ya kimombo na yale ya kilatini: unayasomaje bila kukariri orodha

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mi ni afisa miradi kwenye asasi moja hapa Dodoma, digrii ninayo na kiingereza cha kawaida naongea bila shida. Tatizo langu ni maneno mazito. Bosi wetu kwenye vikao anashusha vitu kama 'vis-à-vis', 'modus operandi', 'ad hoc', mi nabaki natikisa kichwa tu. Nikadaunilodi orodha ya maneno 1000 magumu nikawa nakariri 20 kwa siku, wiki ikiisha nimebaki na matatu. Mbaya zaidi juzi nimeandika barua ya kumkaribisha mfadhili nikaweka 'our notorious Director', nilitaka kusema mkurugenzi wetu maarufu, ofisi nzima ikacheka. Na mwezi wa tano nataka nifanye IELTS, ule mtihani wa kupima kiingereza. Nianzie wapi, na yale ya kilatini na kifaransa nayasomaje?"

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hiyo barua maana ndo imebeba ugonjwa wote. Ukifungua kamusi ya kwenye simu ukaandika 'notorious' inawezekana kabisa ikakuletea "maarufu, anayejulikana sana" ukaona basi kazi imeisha. Ila mtu akiwa 'notorious' anajulikana kwa ubaya, neno linatembea na 'criminal', linatembea na 'dictator', likiwekwa kwenye mtaa basi huo mtaa una vibaka, na ukikuta 'notorious for' ujue kinachofuata hapo ni rushwa au foleni au kuchelewa kulipa watu. Sasa we umemuingiza mkurugenzi kwenye msafara huo halafu barua inaenda kwa dona, wangeachaje kucheka. Ulikuwa unatafuta 'renowned' au 'distinguished', na kusema ukweli ungeandika tu 'our Director' na jina lake ingetosha, kwenye barua za ofisi wenzetu hawamwagi sifa kama sisi tunavyomwaga kwenye risala ya mgeni rasmi.

Kwaiyo shida yako haikuwa kutojua neno. Neno ulilijua, ulichokuwa hujui ni linakaa na nani. Na orodha yako ya maneno 1000 haitakuonyesha hilo hata ukiikariri yote mpaka mwisho, maana imeandikwa neno huku, maana kule, basi.

Ngoja nikuonyeshe kwa kitenzi kimoja cha kwetu, 'kupunguza'. Kwenye andiko la mradi unakitumia kila ukurasa si ndio? Kupunguza umaskini, kupunguza hatari, kupunguza matumizi, kupunguza maumivu, sisi hatuna shida, kimoja kinafanya kazi zote. Ukigeukia kiingereza unakuta maneno saba nane na yote kamusi imeandika "punguza". Sasa angalia yanavyogawana kazi. 'Alleviate' inapunguza kitu kinachomuumiza mtu, kwaiyo utaona 'alleviate poverty', 'alleviate pain', 'alleviate suffering', hapo mtu bado anaumia ila afadhali. 'Mitigate' inapunguza ukali wa kitu kibaya kilichotokea au kinachoweza kutokea, 'mitigate the risk', 'mitigate the effects of drought', ndo maana hata mahakamani mshtakiwa akishatiwa hatiani anapewa nafasi ya 'mitigation', anaeleza ana wazee wanamtegemea, ni kosa lake la kwanza, kosa linabaki palepale anachoomba ni adhabu isiwe kali. 'Curb' ni kukibana kitu ambacho kinaelekea kukimbia, 'curb inflation', 'curb corruption', 'curb spending'. 'Slash' ni kukata kwa panga kabisa, bei, bajeti, ajira. Hii ni ya magazetini zaidi, kwenye ripoti ya dona usiseme mradi umeslash kitu. 'Curtail' inakatisha kitu kabla hakijafika mwisho wake au inabana uhuru na madaraka ya mtu, rais anaweza ku-'curtail' ziara akarudi nyumbani. Na adhabu ya kifo ikigeuzwa kuwa kifungo cha maisha hapo wanasema 'commute', wala sio kingine chochote.

Umeona? Ungekariri 'alleviate = punguza, mitigate = punguza, curb = punguza' ungeishia kuandika 'alleviate inflation' na msomaji angeelewa, sikatai, ila angejua hapohapo kwamba neno umeliokota. Ukilisoma kama 'alleviate poverty' kitu kimoja, maneno mawili yameshikana, huwezi kukosea tena. Kwaiyo kuanzia leo usiandike neno moja kwenye daftari lako, andika kipande kizima ulichokikuta, na pembeni andika ulikikuta wapi.

Sasa kusahau. Kwanza jua sio wewe tu. Mjerumani mmoja anaitwa Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe akawa anakariri visilabi visivyo na maana yoyote halafu anapima amebaki na ngapi, matokeo akayachapa mwaka 1885, na picha aliyoipata ndo hiyohiyo yako, sehemu kubwa inapotea mapema sana, mwanzoni kabisa, halafu kinachobaki kinapotea polepole. Dawa yake inajulikana, ni kurudia, ila kurudia kwa kuachia nafasi inayozidi kutanuka, kesho, keshokutwa, wiki ijayo, mwezi ujao. Mwaka 1972 mwingine, Sebastian Leitner, akaja na mfumo wa visanduku, unaandika kadi, zote zinaanzia sanduku la kwanza unalolipitia kila siku, ukipata kadi inasogea sanduku la pili linalopitiwa mara chache, ukikosa inarudi la kwanza bila huruma. Siku hizi kuna programu ya Anki inakufanyia hesabu hiyo yenyewe, kwenye kompyuta na Android ni bure, ila hata kadi za maboksi ya biskuti ukikata vizuri zinafanya kazi.

Lakini kadi yenyewe uiandike vizuri, hapa ndo wengi wanaharibu. Mbele usiandike 'mitigate' halafu nyuma 'punguza', hiyo ni orodha ileile umeikata vipande. Mbele andika sentensi yenye pengo, tena itoke kwenye kazi yako, mfano 'Terraces were built to m_____ the effects of heavy rain on farms', nyuma andika neno. Ubongo unalazimika kulitafuta neno kwa kutumia majirani zake, na siku ukiwa unaandika ripoti ya mradi wa kilimo litakuja lenyewe. Na maneno 20 kwa siku acha. Matano yanatosha, siku ambayo umechoka weka mawili, na siku nyingine usiongeze kitu, pitia tu ya zamani.

Yatoke wapi hayo matano? Hapa nina ugomvi kidogo na hizo orodha za mitandaoni za "maneno 1000 magumu". Zimejaa vitu kama 'sesquipedalian' na 'perspicacious', maneno ambayo muingereza mwenyewe anaweza kumaliza mwaka mzima hajayaandika hata mara moja. Wataalamu wa misamiati wamehesabu hivi vitu kwa miaka mingi. Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno ya msingi kama 2000 hivi, hayo unayo tayari wala usihangaike nayo. Mwaka 2000 Averil Coxhead kule New Zealand akatoa orodha nyingine ya maneno ya kitaaluma, familia 570 (familia ni neno pamoja na ndugu zake wanaotokana nalo), nje ya zile 2000 za West, na zikawa zinabeba karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Fikiria, maneno 570 tu na ndani ya kila mistari kumi ya ripoti yanachukua kama mmoja. Na ukiyaangalia hayatishi hata kidogo, ni 'significant', 'policy', 'establish', 'whereas', 'albeit', 'nonetheless', 'notwithstanding'. Hayo ndo maneno ambayo mtu wa ofisini akiyashika vizuri anaonekana kakomaa. Anza na hiyo orodha, ipo bure kwenye intaneti, pitia na ujiulize kila neno, hili naweza kulitumia kwenye sentensi bila wasiwasi? Yale unayoyaelewa ukiyasoma lakini mkono unasita kuyaandika, ndo matano yako ya kila siku.

Baada ya hapo ni kusoma tu, hakuna njia ya mkato. Paul Nation, huyu naye wa New Zealand, mwaka 2006 alionyesha kwamba ili usome riwaya au gazeti la kiingereza bila kukwamakwama unahitaji familia za maneno kama 8000 mpaka 9000, na kadi peke yake hazikufikishi huko. Ila soma kwa ujanja. Badala ya kurukaruka, leo siasa kesho mpira keshokutwa afya, chagua jambo moja ulisome wiki kadhaa mfululizo, kwa mfano ripoti za lishe au za maji, maana waandishi wa jambo moja wanarudia maneno yaleyale na wewe unayakuta mara nyingi bila hata kukusudia. Kamusi tumia ya kiingereza kwa kiingereza, ila ile iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza. Ile ya Longman kwa mfano inaeleza maneno yote kwa kutumia maneno ya kawaida kama 2000 tu, kwaiyo hukimbizwi na maelezo, na inakuonyesha na mifano neno linakaa na nani. Ya kiingereza kwa kiswahili itunze, itakufaa ukitaka kutafsiri.

Kuna kitu kingine kinasaidia sana kwa mtu mzima, nacho ni mizizi ya maneno, na sisi waswahili tuna bahati kwa hilo sababu lugha yetu yote ndo inavyofanya kazi, piga, pigwa, pigana, pigishana, kipigo, mpiganaji, huhitaji kufundishwa kwamba hayo ni ndugu. Kiingereza nacho kina ukoo wa namna hiyo ila umejificha kwenye kilatini. Chukua 'animus', ambayo kilatini ni roho au moyo wa mtu. 'Unus' ni moja, kwaiyo 'unanimous' ni moyo mmoja, ndo maana uamuzi wa wote unaitwa 'unanimous decision'. 'Magnus' ni kubwa, 'magnanimous' ni mwenye moyo mkubwa, mtu kakushinda uchaguzi na bado anakusifia, huyo ni 'magnanimous in victory'. 'Aequus' ni sawa, 'equanimity' ni moyo uliotulia, umepokea habari mbaya na hujayumba. Na 'pusillus' ni kidogo sana, 'pusillanimous' ni mwenye kimoyo kidogo, muoga. Ona sasa, maneno manne ambayo kwenye orodha yanatisha, kwa kiswahili ni moyo mmoja, moyo mkubwa, moyo mtulivu na moyo mdogo, ukiyasoma hivyo mara moja huyasahau. Ila angalizo, mzizi unakusaidia kukumbuka, usiutumie kubahatisha. 'Animosity' ni ukoo huohuo na leo maana yake ni chuki, hakuna mzizi utakaokwambia hilo, lazima ulikute kwenye sentensi.

Haya tuje kwa bosi wako na kilatini chake.

Kwanza nikutoe hofu, kilatini unakitumia kila siku. Simba vs Yanga, hiyo 'versus' ni kilatini. CV uliyoombea kazi ni 'curriculum vitae'. Ukiandika NB chini ya tangazo la ofisi umeandika 'nota bene', yaani angalia vizuri. Na kuna mtumishi gani nchi hii hajui 'per diem', hata ambaye hawezi kusema sentensi tatu za ngeli neno hilo analitamka bila kukosea na anajua viwango vyake vyote, maana yake ni "kwa siku" tu. Kwaiyo si kwamba haya maneno ni ya watu wenye akili nyingi, ni maneno ya kazi fulani na ukiwa karibu na kazi hiyo unayazoea.

Yameingiaje? Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, wakubwa wote wakawa wanaongea kifaransa, mahakama ikawa kifaransa na kumbukumbu zinaandikwa kilatini. Ilikuja sheria mwaka 1362 kwamba kesi ziendeshwe kwa kiingereza kwa sababu wananchi hawaelewi kinachosemwa juu yao, ila kilatini kwenye kumbukumbu za mahakama kilikaa mpaka 1733. Wanasheria wetu wakarithishwa huohuo mzigo na mkoloni, 'prima facie', 'ultra vires', 'ex parte', na hata sasa baada ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania bado utayasikia. Kifaransa nacho kilikuwa lugha ya mabalozi kwa muda mrefu sana, ule mkataba wa Versailles wa 1919 ndo ukaandikwa kwa kifaransa na kiingereza vyote vikiwa na nguvu sawa, na mabaki yake ni 'attaché', 'communiqué', 'chargé d'affaires', huyo wa mwisho ni yule anayeshika ofisi balozi asipokuwepo.

Sasa kinachochekesha, waingereza wenyewe wanayatupa. Mwaka 1999 mahakama za madai za England na Wales zilibadilisha kanuni zao, 'plaintiff' akawa 'claimant', 'ex parte' ikawa 'without notice', 'in camera' ikawa 'in private'. Na tovuti ya serikali yao mwaka 2016 ikatangaza inaachana na 'eg', 'ie' na 'etc', sababu mojawapo zile programu zinazowasomea watu wasioona zilikuwa zinakutana na 'eg' zinasoma yai! Kwaiyo ukisikia mtu ofisini anadhani kilatini ndo usomi, ujue huko yalikotoka hayo maneno wenyewe wanahangaika kuyapunguza.

Ushauri wangu ni kwamba uyaelewe mengi na uyatumie machache. Kuelewa ni lazima, maana mkataba utakuja una 'force majeure' na usipojua hiyo ni kifungu cha mambo yaliyo nje ya uwezo wa mtu, vita, mafuriko, mlipuko wa ugonjwa, utasaini usichokijua. Na kuna yenye mtego. Hiyo 'in camera' kwa mfano, mtu anasikia kesi imesikilizwa 'in camera' anadhani palikuwa na kamera zinarekodi, kumbe ni kinyume chake kabisa, imesikilizwa faragha watu wametolewa nje, 'camera' ni chumba. Nyingine ni 'i.e.' na 'e.g.', hizi naziona zimebadilishwa kwenye ripoti kila siku. 'I.e.' ni "yaani", unafafanua kitu kilekile, 'e.g.' ni "kwa mfano", unataja baadhi tu. Ukiandika mradi utafanyika kwenye mikoa mitatu, 'i.e. Dodoma and Singida', mkaguzi atakuuliza wa tatu uko wapi na ana haki.

Ya bosi wako sasa. 'Ad hoc' ni "kwa ajili ya hilo tu", kamati ya 'ad hoc' imeundwa kwa kazi moja ikiisha inavunjwa, hili ni neno zuri na halina mbadala mfupi, litumie. 'Modus operandi' ni namna ya kufanya kazi, lakini polisi na waandishi wa habari wanalitumia sana kueleza mbinu za wahalifu mpaka limechukua harufu hiyo, kwaiyo usimwandikie dona kuhusu 'modus operandi' ya asasi yenu, andika 'how we work' au 'our approach'. 'Vis-à-vis' kifaransa ni uso kwa uso, kwenye kiingereza linatumika unapolinganisha vitu viwili, shilingi 'vis-à-vis' dola, matumizi 'vis-à-vis' bajeti. Mabosi wengi wanalitumia wakimaanisha "kuhusu" tu, ukimsikia mwache, ila we ukiwa unataka kusema kuhusu andika 'about'.

Matamshi ya kifaransa yanaogopesha watu bure. Kanuni moja itakubeba mbali, herufi ya mwisho mara nyingi haitamkwi, na hiyo kanuni unaijua bila kujua kwamba unaijua, mbona hujawahi kusema "depoti" ya soda, unasema depo, na kwenye harusi unapanga foleni ya bufee wala sio bafeti. Basi endelea hivyohivyo, 'rapport' ni rapoo, 'debris' ni debrii, 'coup' ni kuu, 'faux pas' ni fo paa, na 'corps' kama ya Peace Corps ni koo, ukiitamka kops umewaita maiti. Kilatini chenyewe kinatamkwa karibu na kinavyoandikwa isipokuwa waingereza wanakipinda, 'bona fide' utasikia wanasema bouna faidi. Usihangaike na lafudhi zaidi ya hapo.

Kitu kingine ni kurudia maana mara mbili. 'Etc' tayari ina "na" ndani yake kwaiyo 'and etc' ni na-na-vinginevyo. RSVP ya kwenye kadi za harusi inatokana na 'répondez s'il vous plaît', tafadhali jibu, kwaiyo ukiandika 'please RSVP' umesema tafadhali mara mbili, ingawa hilo hata wenyewe wanalifanya na mi siwezi kumsumbua mtu kwa ajili ya kadi ya mchango.

Na usije ukadhani neno likishakopwa linabaki na maana yake ya nyumbani. Angalia 'safari' yetu, kwetu hata kwenda Morogoro kumsalimia shangazi ni safari, kwao ni Serengeti, kofia na darubini. Ule mchezo wa vibao wa Jenga nao umetoka kwenye kitenzi chetu, muingereza Leslie Scott aliyekulia Afrika akauingiza sokoni London mwaka 1983, leo mzungu anajua Jenga ni vibao na hajui ni kitenzi. Ndivyo walivyofanya na kifaransa pia. 'Entrée' kwa Mfaransa ni chakula cha kuanzia, kwa Mmarekani ndo chakula chenyewe kikuu. Mna wenzenu kutoka Bujumbura au Lubumbashi kwenye mradi? Muwe makini hapo, 'résumé' kwake ni muhtasari na kwa Mmarekani ni CV, mnaweza kuandikiana wiki nzima kila mtu anasubiri kitu chake.

Halafu kuna hili la kutaka kutisha watu kwa misamiati. Sikulaumu, Afrika Mashariki yote tunampenda mtu anayemwaga ung'eng'e hata kama hatujaelewa alichosema, na sio sisi tu. Kule India kuna mwanasiasa Shashi Tharoor, mwaka 2017 aliandika 'farrago' kwenye Twitter akijibu tuhuma na watu wakakimbilia kamusi kwa maelfu, Nigeria kuna Patrick Obahiagbon ambaye watu wanamsikiliza kwa ajili ya maneno yenyewe tu. Hao wamejijengea jina, ni sanaa yao na wanafurahisha. We una ripoti ya robo mwaka ya kuandika. Mtafiti mmoja aliyekuwa chuo kikuu cha Princeton Marekani, Daniel Oppenheimer, mwaka 2006 alichapisha majaribio yake, aliwapa watu maandishi yenye maneno marefu yasiyo ya lazima na mengine mepesi, wasomaji wakamwona mwandishi wa maneno marefu ana akili ndogo zaidi. Mwaka huohuo wakampa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza halafu unafikirisha. Kwaiyo neno zito litumie pale linaposema kitu ambacho jepesi halisemi, kama 'mitigate' hapo juu, na pale ambapo 'use' inatosha usilete 'utilise'.

IELTS yako ndo imebaki. Kwenye Writing na Speaking maksi zinagawanywa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, na msamiati ni kimoja tu kati ya hivyo, yaani robo. Watu wanaingia wanadhani ndo mtihani wote, wanabeba 'plethora' na 'myriad' walizofundishwa na video, wanazibandika kwenye kila insha na zinaonekana zimebandikwa. Ukisoma maelezo ya bendi ya 7 (bendi ndo ngazi za maksi za IELTS) yenyewe yanataka maneno yasiyo ya kawaida sana, ndio, lakini kwa kujua mtindo na kujua neno linaendana na lipi, ambalo ndo lilelile la 'notorious'. 'Pose a threat', 'meet a need', 'reach a consensus', vipande kama hivyo vitakupa bendi kuliko 'perspicacious'. Kilatini na kifaransa kwenye insha viache, 'per capita' na 'status quo' zinatosha. Neno ukilitilia shaka ukiwa kwenye chumba cha mtihani, liache uweke unaloliamini, hakuna anayekukata kwa neno ambalo hukuliandika.

Kwa muda uliobaki mpaka mwezi wa tano, kila unapoandika insha ya mazoezi ichukue kesho yake, pigia mstari maneno uliyoyaonea fahari, yaingize moja moja kwenye kamusi ya wanaojifunza uone kama majirani uliyowapa yamo kwenye mifano. Na kwenye Speaking ukikutana na neno hulijui usitikise kichwa kama unavyomfanyia bosi, uliza. Part 1 mtahini anaruhusiwa kurudia swali tu bila kulieleza, lakini Part 3 ana uhuru wa kukuuliza upya kwa maneno mengine, kwaiyo hapo mwambie tu 'Sorry, what do you mean by that?' na uendelee kujibu.